Miezi minne naosha mashine za boti tu: najifunza au natumikishwa?

Swali: Assalamu alaykum. Nina miaka 19, natoka Wete, Pemba. Nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka mbele, baba akaniombea kwa fundi wa mashine za boti upande wa Tumbe. Mwezi wa nne huu. Kazi yangu ni kuosha mashine, kubeba madumu ya petroli, kupokeza spana na kutumwa dukani. Silipwi, napewa nauli na chakula cha mchana. Wenzangu niliosoma nao skuli wamekwenda Unguja kwenye mahoteli na wananicheka. Huku ni kujifunza au natumikishwa? Nikae muda gani? Bila cheti nitafika wapi? Na fundi ananiambia nianze kununua spana zangu, nianze na zipi?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Kwa kazi hii, miezi minne ya kuosha na kupokeza spana ni jambo la kawaida, kwa hiyo usikimbilie kusema unatumikishwa. Lakini usikae ukingoja fundi akuite akupe somo. Mafundi wetu wengi hawafundishi kwa maneno, wanafanya, na mwenye macho anachukua. Kila mwisho wa mwezi jiulize: mwezi huu nimeruhusiwa kugusa nini ambacho mwezi uliopita nilikuwa nakitazama tu? Ukiwa na jibu, unajifunza. Ikipita miezi mitatu mfululizo huna jibu, hapo una haki ya kusema, na namna ya kusema nitakueleza.

Kwanza uelewe kwa nini fundi anachelewa kukuachia. Gari likiharibika njiani, abiria wanashuka wakatembea. Mashine ikikata moto usiku katika mkondo wa Pemba, na kusi inavuma, chombo kinachukuliwa na maji pamoja na waliomo. Pampu uliyoifunga vibaya haitakuumbua pale gerejini. Itawaumbua watu mbele ya safari, na tajiri wa chombo atamfuata fundi, hatakufuata wewe. Ndiyo maana anataka kwanza akuone kama ukiambiwa skrubu saba unarudisha saba.

Sasa tuzungumze kuosha, maana ndiko uliko, na humo mna elimu kubwa kuliko unavyodhani. Mashine ikiletwa, kabla hujaimwagia maji, itazame. Vua kofia yake. Ukiona chumvi imeganda ukingoni mwa kichwa cha silinda, ujue maji ya kupoozea yanavuja kwenye gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba baina ya vyuma viwili. Ukiona unyevunyevu wa mafuta chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na upepo, kuna petroli inayopotea. Nenda chini, toa propela. Mashine za wavuvi mara nyingi utazikuta zina mshipi uliojizungusha kwenye shafti. Mshipi huo hujisukuma ndani, ukaikata sili (mpira unaozuia maji), na maji ya bahari yakaingia kwenye gia. Ukifungua skrubu ya chini ya gia, oili safi hutoka na rangi yake; ikitoka nyeupenyeupe, imechanganyika na maji na sili imekwisha. Kijana anayemwendea fundi akamwambia, "Fundi, hii ina mshipi kwenye shafti na oili ya gia imeharibika," baada ya mara mbili tatu haambiwi tena aoshe, anaambiwa afungue.

Kuosha kwenyewe kuna utaratibu. Maji ya nje huondoa matope tu. Chumvi inayoua mashine iko ndani, kwenye njia za maji. Jaza pipa la lita 200 maji baridi, yapite juu ya bamba lililo juu ya propela. Propela iwe imetolewa, gia iwe huru, mashine iungurume polepole kama dakika kumi. Muda wote huo jicho liwe kwenye maji yanayorushwa pembeni. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Na kamwe usiivute mashine ikiwa juu ya standi bila maji, hata kwa kujaribu moto tu, kwani impela ya pampu, kile kigurudumu chenye mabawa kinachovuta maji, ni ya mpira na inalainishwa na maji hayohayo inayoyavuta. Ikizunguka kavu, sekunde chache zinatosha kuharibu mabawa yake. Pipa nalo liwekwe nje. Moshi ndani ya banda lililofungwa huua mtu bila ya kumpa nafasi ya kukohoa.

Nunua daftari, la skuli linatosha. Andika kila mashine iliyoingia, ukubwa wake, mwenyewe kalalamika nini, fundi kakuta nini, kabadilisha nini. Humo ndimo utakapoandika vipimo. Kwa mfano, kabureta ina skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo wa polepole. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike: moja na nusu, moja na robo, vyovyote itakavyokuwa. Asiyeandika hurudisha kwa kubahatisha, mashine ikawa inazima kila nahodha anapopunguza mwendo kuingia bandarini. Na ukishaifungua kabureta, jeti zake, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli, zisafishwe kwa dawa na upepo wa kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba laini na tundu lake limepimwa. Ukilipanua kidogo tu, mashine itakula petroli na kutoa moshi mpaka mwenyewe anunue jeti mpya.

Jambo la kubeba madumu nalo usilidharau. Mashine za tu-stroki zinazotumiwa na wavuvi wengi huku zinalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, hazina oili nyingine upande wa pistoni. Kipimo cha mashine nyingi ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400, la lita 25 linataka nusu lita. Mashine mpya, au iliyotiwa pistoni na ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni), huzidishiwa hadi 25 kwa moja katika saa kumi za mwanzo. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuata, maana zipo zinazotofautiana. Oili yenyewe iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo. Kwenye mashine ya boti huacha masizi kwenye plagi inayotoa cheche na kufanya ringi zigande. Wavuvi watakubishia kuwa ile ni rahisi na mashine inakwenda. Inakwenda kweli, mpaka ringi zikikwama. Wewe ukiwa ndiye mchanganyaji, pima kwa chupa yenye alama, usipime kwa jicho.

Kufikia mwezi wa sita unapaswa kufanya peke yako, fundi akiwa karibu: kusafisha na kusoma plagi, kubadilisha oili ya gia, kupaka grisi, kubadilisha mpira wa petroli. Plagi ya rangi ya hudhurungi iliyokauka ni ya mashine yenye afya. Nyeusi na yenye majimaji, ama mchanganyiko umezidi oili ama moto wa plagi hauji. Nyeupe yenye vijidoadoa ndiyo ya kuogopa: mashine inapata petroli kidogo au inachemka, na pistoni iko njiani kutoboka. Oili ya gia hujazwa kutoka chini kwenda juu. Unasukuma kwenye tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ndipo upepo wote unakuwa umetoka. Funga la juu kwanza, kisha chomoa mrija haraka ufunge la chini. Anayemimina kutoka juu hufungia upepo ndani, na gia huwa na oili nusu.

Kati ya mwezi wa sita na mwaka, kazi ya kuigombea ni pampu ya maji. Ukishaifunga pampu kumi bila ya moja kurudi, fundi atakuamini kwa mengine. Sehemu ya chini ya mashine inateremshwa, nyumba ya pampu inafunguliwa, impela inatoka. Kagua mabawa: yaliyopinda upande mmoja na kukataa kunyooka yamechoka, hata kama hayajakatika. Kagua na kikombe cha chuma kinachoizunguka, pamoja na bamba la chini. Mchanga huchora mistari humo, na impela mpya kwenye kikombe kilichochorwa haivuti maji sawasawa. Bawa likiwa limekatika, kipande chake kitafute mpaka ukipate, kwani kama hakimo kwenye nyumba kimepanda juu na kimeziba njia ya maji.

Wakati wa kurudisha kuna kichuma kidogo kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, ndicho kinachoishika impela izunguke pamoja na shafti. Ni kidogo kuliko ukucha na hupenda kuanguka. Kipake grisi kishike mahali pake, teremsha impela juu yake, kisha shusha nyumba ya pampu huku unaizungusha shafti kwa mkono, mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande wake. Kile kichuma kikiwa kimeanguka bila wewe kujua, kila kitu kitafungika vizuri, mashine itawaka mara moja, na haitarusha maji hata tone. Ndiyo sababu hakuna pampu inayotoka gerejini bila kupita kwenye pipa.

Boliti zilizoganda zitakuchosha zaidi ya kitu kingine. Boliti ya chuma ndani ya alumini, ikikaa na chumvi, hushikana kama iliyochomelewa. Mwenye haraka huongeza bomba kwenye spana, kichwa cha boliti kinabaki mkononi, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima ya kutoboa na kuchonga meno upya. Mwagia dawa ya kulainisha kutu, iache, igonge kichwani kwa nyundo ndogo, ipashe moto petroli ikiwa mbali, kisha irudishe nyuma robo mzunguko, mbele robo, nyuma tena. Na boliti yoyote unayoirudisha wewe isirudi kavu. Paka grisi ya baharini, ili atakayeifungua mwakani, ambaye huenda akawa wewe mwenyewe, asikulaani.

Mwaka wa pili ni wa kutafuta ugonjwa, na hapo ndipo fundi anatengana na mbadilisha vipuri. Mashine inawaka vizuri, ikipewa mwendo mkubwa inazima. Mbadilisha vipuri atafungua kabureta. Fundi ataanza kwenye tangi: je, kifuniko cha upepo kimefunguliwa? Mpira wa kupampu kwa mkono unajaa au unabaki laini? Mshale wake unaelekea kwenye mashine? Mrija hauna ufa unaovuta upepo? Kazi nyingi zinaishia hapohapo. Zikishindikana, pima kwa geji kampresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda: plagi zote nje, mwendo wa kabureta umefunguliwa wote, vuta kamba kwa nguvu mara nne au tano kwa kila silinda. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, kichwa kifunguliwe.

Mashine iliyozama usiiache ipite bila kuisimamia pamoja na fundi, hata ikiletwa jioni unataka kuondoka. Wavuvi huitoa majini na kuianika juani, na hilo ndilo linaloimaliza, kwani chuma chenye chumvi kikikutana na upepo kutu huanza ndani ya saa chache kwenye beringi na shafti. Ioshwe maji baridi ndani na nje, plagi zitolewe, ilazwe matundu yatazame chini, izungushwe kwa mkono mpaka maji yaishe, kabureta imwagwe, itiwe oili, iwashwe siku hiyohiyo. Ikiwa ilizama huku inakwenda, usilazimishe kuzungusha. Ikigoma, huenda konrodi, mkono unaoishika pistoni, imepinda. Kama hakuna nafasi ya kuifanya leo, izamishe kwenye pipa la maji baridi mpaka kesho. Watu hushangaa wakiambiwa hivyo, lakini ndani ya maji baridi inakula kutu polepole kuliko ikiwa nje.

Kwa hiyo muda: miaka miwili ni haki, mitatu kama gereji inaletewa kazi chache. Chini ya mwaka mmoja na nusu utaondoka unajua kufungua tu. Na kuna siku zisizofaa kuomba ruhusa. Boti za dagaa zinafanya kazi kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa, boti zinapumzika, na siku hizo mashine zote zinaletwa kwa mkupuo. Wengi wenu huona hizo ndizo siku za kwenda kutembea. Fundi akiwa na mashine sita na mikono miwili, hana budi kukupa moja. Kuwa hapo.

Upande wa malipo, nauli na chakula kwa miezi sita ya mwanzo sikuiti dhuluma. Baada ya hapo, ikiwa kazi yako inaingiza pesa, upate kitu kwa kila kazi uliyoifanya kwa mkono wako, hata kikiwa kidogo, na kijulikane kabla, si bahasha ya bahati nasibu siku ya Ijumaa. Hili lilitakiwa kuandikwa siku ya kwanza, bado hujachelewa. Usiende wewe. Mwambie baba yako aende kwa heshima, amwambie fundi, "Kijana ameridhika, na sisi tumeridhika, tunaomba tuandikishane tu," kisha karatasi moja ipelekwe kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, ashuhudie. Iandikwe muda wa mafunzo, saa za kazi na siku ya mapumziko, posho ya miezi sita ya pili na ya mwaka wa pili, nani analipa matibabu ukiumia kazini, na nani analipa kipuri ukikiharibu. Hilo la mwisho ndilo linalowagombanisha watu wengi, na wengi hawalitaji. Halafu kiongezwe kipengele cha kazi utakazokuwa umeshafundishwa kila baada ya miezi sita. Unaweza kunakili hizi nilizokutajia. Fundi anayekataa kuandika chochote si lazima awe mbaya, wengine wanaogopa karatasi tu. Anayekataa kuandika na pia hakuruhusu kugusa mashine baada ya miezi sita, tafuta mwingine, kwa kuaga vizuri.

Kuhusu cheti, usiache gereji kwa ajili yake, na usikiache cheti kwa sababu ya gereji. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Vitongoji na Daya Mtambwe, na cha pili kiko wilayani kwako. Nenda ukaulize mambo mawili: utaratibu wa uanagenzi, ambao muda hugawanywa baina ya kituo na mahali pa kazi, na utaratibu wa kupimwa na kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana mtaani. Peleka lile daftari lako. Mtahini akiona mashine mia zimeandikwa kwa tarehe, tatizo na dawa yake, mazungumzo yatakuwa mengine. Kama utapata kozi ya jioni au ya muda mfupi ya umeme au injini, ichukue; umeme wa mashine ndipo mafundi wengi wa pwani wanapokwama.

Cheti kitakusaidia hasa ukitaka kwenda kwa wenye boti za watalii, Nungwi, Kendwa na kwingineko Unguja. Na kule kuna jambo jingine: nyingi ya mashine zao ni fo-stroki. Hizo hazichanganywi oili kwenye petroli, zina oili yake ndani, inayobadilishwa kila baada ya saa 100, na mpya hubadilishwa mapema zaidi. Zina vali, zina mkanda au mnyororo wa taimingi unaoziendesha vali hizo, na hitilafu za nyingi kati yake hutafutwa kwa kompyuta. Ikiwa fundi wako hana hizo, usimvunjie heshima kwa hilo. Maliza kwake, kisha omba miezi michache kwa mwenye nazo. Wenzako wa hoteli waache wacheke. Kazi yao si mbaya, ila msimu wa wageni ukipungua nao hupunguzwa, na mvuvi havunji mashine yake kwa kufuata msimu wa wageni.

Spana. Usinunue seti kubwa ya bei rahisi kwenye boksi la plastiki, hupanuka mdomo na kula vichwa vya boliti. Nunua mojamoja iliyo madhubuti: 10, 12, 14 na 17, kila moja upande mmoja wazi na mwingine wa duara, kwa sababu hizo ndizo boliti utakazokutana nazo zaidi kwenye mashine za Kijapani. Kisha spana ya plagi ya 21, bisibisi mbili za msalaba zenye ukubwa tofauti (skrubu za kabureta huharibika kwa bisibisi isiyotosha), bisibisi bapa moja, koleo, na bisibisi ya kugonga kwa nyundo kwa zile skrubu zilizoganda. Ya mwisho hiyo ni ghali kidogo, nunua ukishapata posho ya kwanza. Zipake rangi moja mwishoni ili zisipotelee kwenye boksi la fundi, zioshe maji baridi kila jioni na uzifute kwa kitambaa chenye oili. Geji ya kampresheni na spana ya kupimia mkazo wa boliti ziache mpaka mwaka wa pili. Kwa sasa tumia za fundi, na umuombe kila mara kabla ya kuzishika.